Stoo ya Mzee: Namna ya Kuipunguza Bila Kumvunjia Heshima

Mwaka 2016 baba yangu alilazwa hospitali siku 9. Mimi na mdogo wangu tukaona hiyo ndiyo nafasi. Tulikodi kirikuu, tukakata kufuli la stoo yake ya uani, na kwa siku 2 tukapakia kila tulichoona hakina maana: vipande vya mabomba, rejeta ya gari ambalo halikuwapo tena, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, feni mbili zisizo na mapanga, makopo na makopo ya misumari iliyopinda. Stoo ikabaki karibu tupu. Tulijisikia tumemfanyia jambo jema.

Aliporudi hakugomba. Alisimama mlangoni, kisha akaingia na kupitisha kiganja juu ya meza ya mbao, pale palipobaki matundu manne ya bolti. Akaniuliza, "Mama, vaisi yangu mmeipeleka wapi?"

Tulikuwa tumeiuza kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu vingine. Baba alikuwa fundi mitambo katika karakana ya reli, na vaisi ile, kibanio cha chuma kinachofungwa mezani, aliinunua mwaka wake wa kwanza kazini. Alikaa wiki tatu bila kunitazama usoni. Kabla mwaka haujaisha stoo ilikuwa imejaa kuliko mwanzo, na safari hii ufunguo aliuvaa shingoni.

Ninachoandika hapa ni njia tuliyoifuata baadaye, pamoja naye, kwa miezi 8. Ni ya polepole. Nimeiona ikifaa kwa mama yangu mkubwa na kwa majirani wawili, na sijaona njia ya haraka iliyodumu.

Jua anachokitunza

Mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana mwenye familia changa wakati Vita ya Kagera inaanza, Oktoba 1978. Vita ilipokwisha Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule ukaendelea kubana hadi katikati ya miaka ya 1980. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC na ya ushirika kwa ajili ya kipande cha sabuni, sukari ya kupimiwa, betri za redio. Aliyepata betri mbili za ziada aliziweka. Msumari ukipinda ulinyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa mali zao usiku kwa kuogopa kukutwa na sabuni nyingi ndani. Mtu aliyepita hapo amejifunza jambo ambalo haliondoki: kitu kikikutoka mkononi, huenda usikipate tena.

Ndiyo maana ukimwambia "baba, haya ni matakataka," anasikia unamwambia maisha yake yote alikosea. Yeye anaona akiba, na akiba haiozi. Na mara nyingi alikuwa sahihi. Bawaba za mlango wa jikoni kwetu zilitoka kwenye kopo la Africafe lililokaa stoo miaka 20, na siku zilipohitajika hakuna aliyekwenda dukani.

Kuna sababu nyingine zinazokuja na umri. Aliyestaafu amepoteza karakana au ofisi yake, na stoo ndiyo mahali pekee ambapo bado yeye ndiye bosi. Aliyefiwa na mwenzake hana moyo wa kufungua sanduku la nguo. Mwingine macho na magoti yamechoka, hawezi tena kupanga, kwa hiyo kila kinachoingia kinawekwa juu ya kilichotangulia. Kaa ujiulize ya mzee wako ni ipi kati ya hizi kabla hujagusa kitu, kwa sababu dawa zake zinatofautiana. Mwenye magoti mabovu anahitaji rafu na kijana wa kubeba. Mfiwa anahitaji mtu wa kukaa naye.

Anza na mizigo yako mwenyewe

Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayofungua mlango. Ingia stoo kwa ruhusa, angalia ni vingapi si vyake. Kwetu tulikuta godoro la mdogo wangu, madaftari yangu ya sekondari, kochi la shangazi aliyehamia Mwanza, mashine ya kusaga juisi ya shemeji, na masanduku matatu ambayo kila mtoto alisema "nitakuja kuyachukua." Karibu nusu ya kile tulichokiita mrundikano wa baba ulikuwa wa kwetu, na yeye alikuwa akitutunzia.

Pigia simu kila mwenye mzigo, mpe mwezi mmoja. Asiyekuja, akubali kwa mdomo wake mbele ya mzee kwamba kitu chake kitolewe. Mzee akiona watoto wanabeba vyao kwanza, bila kugusa hata msumari wake, mazungumzo yanayofuata yanakuwa mepesi.

Namna ya kulizungumza

Chagua mtoto mmoja wa kusema naye, yule ambaye mzee humsikiliza. Watoto watano wakimkalisha kitako sebuleni, kitakuwa kikao cha kesi. Usilizungumze mbele ya wajukuu wala wakwe. Na tafadhali, usipige picha za stoo ukazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama yangu mkubwa aliziona picha za chumba chake kwenye simu ya binamu, na ikachukua nusu mwaka kabla hajakubali mtu aingie tena.

Neno "kutupa" liache. Neno "kusafisha" nalo lina harufu ya kumwambia ni mchafu. Sema kupanga. Mimi nilisubiri jioni baada ya chai, nikamwambia, "Baba, juzi ulipokwenda kuchukua spana ulijikwaa, nikaogopa. Naomba tupange njia tu, upite vizuri. Chochote hakitoki bila wewe kusema." Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nakumbuka vaisi. Nikamwomba radhi. Nadhani bila radhi ile tusingefika popote.

Tulikubaliana mambo matatu na nikayaandika kwenye karatasi akaibandika mwenyewe mlangoni: ufunguo unabaki kwake, neno la mwisho ni lake, fedha yoyote itakayopatikana ni yake, inakabidhiwa mkononi siku hiyo hiyo. Yashikeni haya hata yakichelewesha kazi.

Hatari kwanza, vitu baadaye

Kuna jambo moja tu ambalo una haki ya kulisisitiza, nalo ni usalama. Stoo inaweza kubaki imejaa na bado isiue mtu. Kwa hiyo siku za mwanzo usihesabu umetoa nini, angalia hivi.

Njia. Kuwe na nafasi ya kupita toka mlangoni hadi nyuma, mabega yasiguse kitu pande zote mbili, na chini pasiwe na waya, kamba wala gunia. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama zamani. Vizito vikae chini, vyepesi juu, na kisiwepo kitu kilichoegemezwa bila kufungwa. Mabati na nondo zilizosimamishwa ukutani ndizo mbaya zaidi, zilaze.

Moto. Toa kwanza dumu la petroli, mafuta ya taa, tina ya kuchanganyia rangi, na mitungi ya gesi inayovuja. Magazeti na magunia yakae mbali na soketi na taa. Angalia ile waya ya kuongezea iliyopitishwa chini ya mizigo, ambayo imechubuka na hakuna anayeiona. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike kwa wino mzito ndani ya mlango.

Sumu. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko sehemu zote. Betri kuukuu za gari zina madini ya risasi na tindikali. Zibebe zikiwa zimesimama, usizifungue. Nyumbani kwa wakulima wa zamani wa kahawa na pamba utakuta mrututu, ile dawa ya bluu ya kuua ukungu, na unga wa dawa za shambani kwenye mikebe isiyo na lebo, mingine ya dawa zilizokwishapigwa marufuku. Usinuse, usihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa, usimwage chooni wala mtaroni. Weka mkebe wote ndani ya ndoo yenye mfuniko, uandike "SUMU", kisha muulize bwana shamba au afisa mazingira wa halmashauri. Mabati ya kijivu mazito yanayofanana na saruji huenda ni ya asbesto. Usiyakate wala kuyavunja, maana vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Yakiwa mazima na yametulia, yaache yalipo hadi upate mtu anayeijua kazi hiyo.

Panya na maji. Julai 2022 watu walifariki Ruangwa, mkoani Lindi, kwa homa iliyotushtua wote hadi Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Stoo yenye magunia na mabaki ya mahindi ni nyumba ya panya. Na nje ya stoo, tairi kuukuu na ndoo zilizoachwa wazi ndizo mazalia ya mbu wa dengi, yule aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Tairi zikibaki, zitobolewe zisituamishe maji au ziwekwe chini ya paa.

Siku ya kazi

Saa mbili kwa siku zinatosha, asubuhi kabla ya jua kali, mara moja au mbili kwa wiki. Kazi ya kutwa nzima humchosha mzee, na mzee aliyechoka hujibu "acha" kwa kila kitu.

Fungua mlango na madirisha nusu saa kabla ya kuingia. Vaa buti, glavu nzito na barakoa. Nge na nyoka hupenda chini ya mabati, kwa hiyo inua kwa fimbo kwanza, mkono baadaye. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Changanya kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia na vikombe 9 vya maji, nyunyizia, subiri dakika 10, kisha futa kwa tambara lililolowa. Klorini usiichanganye na kitu kingine chochote.

Mwekee mzee kiti kivulini, chenye mgongo, na meza ndogo mbele yake. Yeye hanyanyui kitu, analetewa. Hili lilibadilisha kila kitu kwetu: baba akiwa amekaa, akiletewa kimoja kimoja mezani, alikuwa tena fundi mkuu anayekagua kazi.

Karatasi zina siku yake

Usichanganye karatasi na vyuma. Zikusanye zote kwenye makasha, zipeleke ndani penye mwanga, na msichome hata moja siku ya kwanza. Nimeona familia ikichoma gunia la makaratasi "ya zamani" na mwaka uliofuata ikahangaika mahakamani kwenye mirathi kwa kukosa ofa ya kiwanja, yaani barua ya kumilikishwa.

Pitia karatasi moja moja, kurasa za vitabu na Msahafu au Biblia zikiwamo, maana wazee huhifadhi humo. Unatafuta hati au ofa ya kiwanja na mikataba ya mauziano ya shamba, hata ile ya mkono yenye dole gumba. Barua ya kuajiriwa, ya kupandishwa cheo na ya kustaafu. Hati za mishahara. Vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa na vya vifo. Vitabu vya benki na vya ushirika. Kadi yenye jina la mfuko wa pensheni ambao haupo tena si karatasi iliyokufa: PPF, PSPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 zikawa PSSSF, na kumbukumbu za mwanachama zinaendelea. Waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977 wanajua vizuri. Walidai mafao yao kwa miongo, na mwenye karatasi zake alikuwa na pa kusimamia.

Hati za hisa nazo zimelala kwenye bahasha nyingi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na wastaafu kadhaa walinunua hisa siku zile wakasahau. Ukikuta hati, usiikunje. Mpeleke mzee kwa dalali aliyesajiliwa na soko akaulizie.

Fedha taslimu pia zinapatikana, na hapa kuna habari ya kusikitisha. Muda ambao Benki Kuu ilitoa wa kubadilisha noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003, uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Tulikuta bahasha ya noti hizo kwa jirani mmoja, zimekunjwa vizuri ndani ya soksi, ada ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu. Hesabu hela yoyote mbele ya mzee, umkabidhi, hata kama haina thamani tena sokoni.

Magazeti ya Uhuru na Mzalendo, picha, kadi za TANU: usiseme ni takataka. Muulize anataka yupi kati ya wajukuu azitunze. Picha zipigwe picha kwa simu, na wakati huo huo andika nyuma ya kila moja, kwa penseli, majina ya waliomo. Baada yake hakuna atakayewajua.

Mikeka minne

Kwa vitu vingine tandika mikeka au maturubai manne uani. Wa kwanza ni wa vinavyobaki. Wa pili ni wa vinavyokwenda kwa mtu, na mtu huyo awe na jina. "Watu wenye shida" si jina. Wa tatu ni wa kuuza. Wa nne ni wa kuoza na kuvunjika, yaani taka kweli. Kitu ambacho mzee anasita nacho zaidi ya dakika moja kiwekwe kwenye kasha, kasha liandikwe tarehe, mtalifungua baada ya miezi 3. Usimbane. Baba alisita kwa makasha 6. Tulipoyafungua, manne aliyaachia mwenyewe bila neno.

Maswali yana uzito kuliko majibu. Badala ya "hii ya nini?" muulize, "Hii ulifanyia kazi gani?" Mpe nafasi asimulie. Nilimletea kopo la nati zilizopakwa grisi, kila moja imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alifungua moja, akaizungusha kwenye bolti hadi mwisho bila kukwama, akasema, "Unaona? Uzi wake bado mzima." Akaniambia zilitoka kwenye injini gani na nani alimfundisha kuzihifadhi vile. Kisha akasema kopo lile lipelekwe kwa kijana mwenye gereji pale barabarani, "yule anayenisalimia." Peke yangu ningeliweka kwenye mkeka wa vyuma chakavu.

Vikiwa vingi vya aina moja, mwache achague vilivyo bora. Ana nyundo 11? Achague 3. Mtu anayechagua cha kubaki hasikii uchungu kama anayeulizwa cha kuondoka. Misumari iliyopinda tuliacha kopo moja, kwa sababu aliitaka, na kopo moja halimdhuru mtu.

Darini na gari bovu

Mzee asipande ngazi. Hilo halina mjadala. Dari za siku hizi za jipsamu au mbao nyepesi hazikujengwa kubeba mizigo. Ukikuta darini kuna masanduku, mpandaji akanyage boriti tu, na mwenzake ashike ngazi. Angalia kwanza nyuki, popo na nyaya za umeme, na zima swichi kuu. Kilichokaa darini miaka 10 bila mtu kukikumbuka kishushwe kwa mara moja na kisirudi juu. Kama kinabaki, kipatiwe rafu chini.

Makasha yaliyoegemea ukuta chini ya dari au kwenye sakafu ya udongo, chunguza mchwa. Ukikuta njia zao za udongo ukutani, mwite fundi aangalie na kenchi za paa.

Gari bovu gerejini ni suala lenye heshima yake. Mara nyingi ndilo gari la kwanza la familia. Wengi huogopa hata kuligusa kwa hofu ya ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka, lakini ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Tafuta kadi ya gari, nendeni TRA mkaulizie namna ya kulifuta kwenye usajili, kisha ndipo mliuze, kwa maandishi, likiwa limeng'olewa namba. Muulize mzee kama angependa kubaki na usukani au nembo.

Sanduku la marehemu

Mama alifariki 2012. Sanduku lake la bati lilikuwa nyuma kabisa ya stoo, na nilijua tangu mwanzo kwamba mizigo yote ya mbele ilikuwa kama ukuta wa kulizuia. Tuliliacha hadi mwezi wa 7.

Humo mlikuwa na kanga, doti 14 ambazo hazijakatwa, bado zina ule ugumu wa wanga wa dukani. Zile za juu zilitobolewa na mende pembeni. Baba alisoma maandishi ya kila moja kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua. Hatukupanga chochote siku ile. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alisema mabinti na wakamwana wagawane, doti moja moja, na moja ibaki kwake. Wengine huzipeleka sadaka kwa niaba ya marehemu, na hilo nalo ni jambo la kumtuliza mfiwa. Usiwahi kulifungua sanduku kama hilo bila yeye, na usilianze siku ambayo huna muda wa kukaa hadi jioni.

Kuuza na kutoa

Mnunuzi wa vyuma aje na mizani, mpime nyumbani mbele ya mzee. Shaba, aluminiamu na chuma vipimwe mbalimbali; vikichanganywa vyote vitalipwa bei ya chuma. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba, moshi wa plastiki ni sumu. Uliza kibali cha mnunuzi, na usiuze kipande chenye alama za reli, za Tanesco au za mamlaka ya maji kabla hujajua kilifikaje, kitakuletea polisi.

Dawa za hospitali zilizopita muda zirudisheni kwenye kituo cha afya au mmuulize mfamasia, msimwage chooni. Spana na zana nzuri ziende kwa mafundi vijana au chuo cha VETA kilicho karibu. Mfuko wa taka uondoke uani siku hiyo hiyo. Ukilala pale uani, usiku mzee atatoka na tochi kuvirudisha.

Ikiwa si stoo tena

Kuna kulimbikiza ambako mwongozo huu hautoshi. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kulimbikiza vitu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mara nyingi huanza ujanani na kuzidi kadiri mtu anavyozeeka. Mwenye stoo iliyojaa bado analala kitandani na kupika jikoni. Mwenye ugonjwa huu kitanda chake kimefunikwa, jiko halifikiki, na kuachana na hata mfuko mtupu wa nailoni kunamtia hofu ya kweli. Matibabu yapo, nayo ni ya mazungumzo na mazoezi ya kuamua, yanayochukua miezi.

Kama tabia imeanza ghafla uzeeni, hasa mzee akiokota taka barabarani, akificha chakula hadi kioze, au akisahau majina ya watu wa nyumbani, mpeleke hospitali ya wilaya mapema. Huenda ni ugonjwa wa kusahau, kiharusi kidogo kilichopita kimya, au sonona. Waombe rufaa ya daktari wa akili. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma wanao. Usikubali mtu akuambie "ni uzee tu" kisha mambo yaishie hapo.

Isijae tena

Stoo ikipungua ndipo uweke rafu, na si kabla. Rafu mpya ndani ya stoo iliyojaa ni mahali pengine pa kuweka. Mbao za kiunoni na kifuani zinamfaa mzee, asiiname wala asinyooshe mikono juu ya kichwa. Makopo yawe ya kuonekana ndani, au yaandikwe. Taa iwe kali, swichi iwe karibu na mlango.

Kwa vitu vinavyoingia, zungumza na wanaovileta. Majirani walikuwa wakimletea baba redio na pasi mbovu kwa sababu wanajua hakatai. Tulikubaliana kifaa cha mtu kitakaa mwezi mmoja tu, na jina la mwenyewe na tarehe juu yake kwa chaki. Mimi huenda Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Tunakunywa chai, ananionyesha alichotengeneza, tunapitia kasha moja, basi.

Vaisi ile hatukuipata. Nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma watatu. Mdogo wangu alimnunulia nyingine iliyotumika. Baba aliifunga mwenyewe kwenye yale matundu manne, bolti akizitoa kwenye kopo la Africafe.